Pini Mdomoni mwa Kabibi

Mtu aliyetaka kugombana na Kabibi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha aseme kwamba siku hizi kusoma kunafundishwa vizuri kuliko zamani. Hapo Kabibi alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni moja moja, akaanza habari za masista waliomfundisha kule Bukavu, Kongo. Masista walikuwa na ubao mmoja na fimbo moja. Watoto walikuwa sitini, na wote sitini walitoka wakisoma. Wote sitini? Hapo alitia chumvi. Lakini nani angembishia Kabibi mlangoni kwake?

Kabibi alikuwa fundi wa nguo. Kila siku alikaa mlangoni mwa nyumba yake ya matofali ya udongo, vipande vya kitenge vimetapakaa miguuni. Pini alizibana kwa midomo wakati wa kupima na kukunja. Mjukuu wake Darlène, mwenye miaka tisa, alirudi shuleni mchana, akala nsima, ugali wa huko, na majani ya maboga, akaketi kwenye mkeka kando ya cherehani. Mama yake Darlène alifariki zamani, na bibi ndiye aliyemlea. Baada ya kula ilianza shule ya pili, shule ya Kabibi mwenyewe.

"Bé na a?" aliuliza Kabibi.

"Ba," alijibu Darlène.

"Emme na a?"

"Ma, Koko," alijibu; Koko ndivyo alivyomwita bibi yake.

Hayo ndiyo majina ya herufi ya Kifaransa waliyofundishwa watoto wa Bukavu: bé, dé, emme, esse. Baadaye Darlène alifungua kitabu. Kilikuwa kitabu kimoja tu, chembamba, cha Kiswahili, chenye kurasa ishirini na picha kila ukurasa. Kabibi alikibeba kutoka Bukavu ndani ya mzigo wa nguo, akavuka nacho mipaka mitatu. Darlène alikisoma kuanzia kwenye mbuzi mpaka kwenye mvua, bila kukwama hata mara moja. Majirani waliokuja kupimwa nguo walitikisa kichwa kwa kusifu. Kabibi alivimba kichwa, nasi tumsamehe.

Jumapili moja Zihindula alikuja. Huyu ni mtoto wa Kabibi na baba yake Darlène. Aliishi mtaa wa Kauma na kuuza vitenge soko la Old Town, mjini Lilongwe. Siku hiyo hakuleta sukari wala sabuni kama kawaida yake. Alikuwa amepitia kwa mwalimu wa Darlène, na habari alizopewa zilimkata maini. Darlène atarudia darasa la pili kwa mara ya tatu. Mwalimu alisema kwamba ukimpa neno kwenye ubao, mtoto anatazama chini.

Kabibi alisema walimu ndio wabovu. Zihindula hakubishana. Alisema amekwisha kupata njia nyingine. Kuna mama mmoja Mkongomani wa Area 49, mtaa wa Lilongwe, Madame Gabriella, mwenye biashara kubwa na mtoto mchanga. Anahitaji msichana wa kumbeba mtoto. Darlène atakaa kwake, atakula vizuri, na mchana atakwenda shule ya karibu.

"Mama, mi sisemi huyu mutoto ni mubaya," alisema Zihindula. "Nasema kichwa yake haishike masomo. Afazali ajue kazi."

Kabibi aliinuka. Akamwita Darlène alete kitabu. Akamwambia asome mbele ya baba yake ukurasa wa saba, wa mbuzi, ili mambo yaishe. Darlène akasoma kwa sauti nzuri, wazi, bila kosa. Kabibi akamtazama mwanawe kama kumwambia, haya, sema sasa.

Zihindula alinyoosha mkono, akafunika ukurasa wote kwa kiganja chake. Darlène akaendelea kusoma. Mbuzi akala majani, mbuzi akanywa maji, na macho ya mtoto yalikuwa juu ya kiganja cha baba yake.

Kisha Zihindula akachukua maneno mdomoni mwa mtoto. Akiwa anatazama barabara, akasema ukurasa wa nane, wa tisa, na wa kumi. Akafika kwenye mvua, ukurasa wa mwisho, bila kugusa kitabu.

"Mi naijua yote, mama," alisema. "Na siwezi kusoma hata jina yangu ikiandikwa mahali pengine. Njo vile nilikudanganya miaka mitatu kule Bukavu. Niliogopa fimbo. Huyu naye anakudanganya vile vile."

 Miaka yote Kabibi alidhani mwanawe hapendi kusoma kwa uvivu wa wanaume. Kumbe hajui. Na aliyemfundisha ni yeye, kwa kitabu hiki hiki. Alitamani ardhi immeze. Lakini Kabibi hakuwa mtu wa kukaa chini akilia mbele ya watu. Akamvuta Darlène karibu, akakaza uso.

"Huyu haendi kulea mutoto wa mutu," alisema. "Unipe mpaka shule ifunge. Siku ile utaleta karatasi yoyote, ile mi sijaiona, na yeye hajaiona. Akiisoma, anabaki. Akishindwa, umupeleke."

Zihindula alifikiri kidogo, akakubali. Shule ingefunga baada ya wiki kumi na moja.

Sasa msikilizeni Kabibi alivyofanya. Alizidisha dawa ileile iliyoshindwa. Aliongeza muda wa masomo. Alitoa fimbo, aliyokuwa ameiacha tangu Darlène akiwa mdogo. Bé na a, bé na e, esse na i, mpaka jua linazama. Baada ya wiki moja Darlène alianza kujikojolea kitandani, mtoto wa miaka tisa. Asubuhi ya Jumatatu Kabibi aliona lile godoro, akaichukua fimbo, akaivunja na kuisukumiza jikoni kwenye moto. Akachemshia chai.

Halafu akafanya jambo ambalo lilimuuma kuliko yote. Alikwenda kwa Rosette.

Rosette Ndayisenga alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Alikuwa Mrundi, binti wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa kujitolea wa darasa la kwanza, aliyeanza mwaka huo. Kabibi alikuwa amelipa darasa lake jina: mzinga wa nyuki. Ukipita dirishani ulisikia watoto zaidi ya mia wakisema mmm, wakisema zzz, wakisema sss. Kabibi aliwachekesha watu kisimani kwa kuwaigiza. Leo alisimama mlangoni pa mzinga huo, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, akaomba kukaa nyuma. Rosette alijua vyema nani alimwita nyuki. Hata hivyo alimletea ndoo, akaigeuza, akamkaribisha aketi.

Kabibi aliketi na mikono ameikunja kifuani, akitafuta makosa. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, wamebanana. Rosette hakutaja bé ya Kifaransa wala bii ya Kiingereza. Aliandika herufi moja ubaoni, akafunga midomo na kusema mmm. Watoto wakasema mmm. Akaandika a, akafungua kinywa. Watoto wakafungua vinywa. Kisha kila mtoto akanyoosha mkono wa kushoto. Waligusa bega wakisema mmm, wakagusa kifundo cha mkono wakisema aaa, halafu wakapitisha kiganja kuanzia bega mpaka chini kwa haraka: ma.

Kabibi akaona ni mchezo tu. Hawa nao wameshika kwa kichwa, alijiambia. Kipindi kilipoisha aliomba chaki. Akatembea mpaka ubaoni, akaandika neno moja, akageuka kuwatazama watoto. Hakumwambia mtu yeyote neno lile ni nini.

Mtoto mmoja wa mbele, msichana asiyefikia miaka saba, alinyoosha mkono wake. Akagusa bega, akagusa kifundo, akapitisha kiganja. Alirudia mara mbili, midomo ikicheza.

"Ka," alisema. "Ka-bi. Ka-bi-bi. Kabibi."

Pale kambini watu wote walimwita Maman Zihindula. Huyu mtoto hakuwahi kulisikia jina lile. Hakuna picha iliyomsaidia, hakuna mtu aliyemnong'oneza. Alilitoa ubaoni mwenyewe. Kabibi aliweka chaki chini na kukaa tena kwenye ndoo.

Watoto walipotoka, Rosette alikaa sakafuni karibu naye. Kabibi akamweleza yote: kitabu, kiganja, Zihindula, Area 49. Hakuficha hata fimbo.

"Mama, mtoto wako hana kichwa kibovu," alisema Rosette. "Kichwa kibovu hakiwezi kushika kurasa ishirini. Ana kichwa kikubwa kuliko changu. Hakuna aliyemuonyesha mlango wa kuingilia, basi akaruka ukuta."

Kabibi aliuliza kosa liko wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe alifundishwa hivyo na akajua. Rosette alimjibu taratibu. Alisema jina la herufi ni kitu kimoja na sauti yake ni kitu kingine. Nyumbani Darlène anaambiwa hii ni bé. Shuleni anaambiwa kwa Kiingereza hii ni bii. Herufi moja, majina mawili, na hakuna jina hata moja linalosikika ndani ya neno. Mtoto akijumlisha bé na a anapata béa. Anaona haifanani na kitu, anaogopa, anatafuta njia ya kujiokoa. Wengine wanagundua sauti peke yao, kama Kabibi alivyogundua. Wengi hawagundui.

"Kwa hiyo nifute majina?" aliuliza Kabibi.

"Yatakuja baadaye, mama. Kwanza sauti. Herufi inasema nini, siyo inaitwa nani."

Rosette akamwonyesha. Aanze na sauti chache tu, kama m, a, s, i, t na n. Asiongeze nyingine mpaka hizo zimekaa. Kabla ya kuandika, wacheze kwa masikio tu: neno sima linaanza na sauti gani? Aanze kwa Kiswahili, maana ndicho mtoto anachokisema tangu azaliwe. Akishajua kuunganisha sauti za Kiswahili, Kichewa cha wenyeji hakitamsumbua, maana sauti nyingi ni zile zile. Kiingereza kitachukua muda zaidi, lakini mlango utakuwa umefunguka. Kila siku wasome muda mfupi, mtoto asichoke. Na kile kitabu cha kurasa ishirini kifungwe kwanza.

"Mpe maneno ambayo hajawahi kuyaona," alisema Rosette. "Akisoma vibaya, usimpe jibu. Mrudishe kwenye sauti. Hapo njo pagumu kwako, mama, siyo kwake."

Alisema kweli. Kabibi alikwenda nyumbani, akakata herufi kutoka kwenye mabaki ya vitenge, akazishonea juu ya vipande vya gunia. Alizitundika kwenye kamba mlangoni. Siku ya kwanza akaonyesha m na mdomo wake ukasema emme. Darlène akarudia emme. Kabibi akajipiga paja. Akajaribu tena, ikatoka emme tena. Ulimi wa miaka hamsini hauachi njia yake kwa siku moja. Na kila Darlène alipokwama kidogo, Kabibi alimtupia jibu kabla mtoto hajavuta pumzi.

Siku ya tatu alikuwa akikunja pindo la gauni la mteja, pini nne mdomoni. Darlène aliitwaa herufi kwenye kamba, akaiinua amuulize. Kabibi alitaka kusema emme. Lakini zile pini zilimkatalia. Ilitoka sauti moja tu kupitia midomo iliyofungwa.

"Mmm."

Darlène akaitazama herufi. Akaweka a pembeni yake. Akagusa bega lake, akagusa kifundo, akapitisha kiganja.

"Ma," alisema. Akaweka nyingine mbili. "Ma. Ma-ma. Koko, hii ni mama!"

Kabibi alitaka kupiga vigelegele, ila angemeza pini. Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo saa ya masomo ilikuwa saa ya pini. Alizitia mdomoni makusudi, hata kama hakuna nguo ya kukunja. Mtoto akikwama, bibi hawezi kumpa jibu. Anaweza tu kuonyesha kidole: rudi hapo, sema tena.

Watu hawakuacha kusema. Kisimani waliuliza kama nyuki wamehamia kwa Maman Zihindula. Mzee mmoja wa kanisani alimshauri kwa upole asimchoshe mtoto, maana kazi za Area 49 hazipatikani kila siku. Kabibi alimshukuru kwa ushauri, akamwambia kama ni kazi nzuri ampeleke mjukuu wake mwenyewe. Mzee akachukua suruali yake iliyotiwa kiraka na kwenda zake. Nyumbani Kabibi aliongeza herufi kwenye kamba. Wacheke. Wiki zilikuwa zinakwisha na hakuwa na muda wa vicheko vya watu.

Haikuwa rahisi, tusidanganyane. Darlène alichanganya b na d siku nyingi. Sauti za herufi mbili zilimliza. S peke yake alikuwa ameishinda, halafu bibi akamletea sh. Kabibi akashona s na h kwenye kipande kimoja cha gunia, ili mtoto aone kwamba hapa wawili wanasema sauti moja. Sauti zikaungana polepole, kipande na kipande, kama nguo inavyoshonwa. Wiki ya nane Darlène alisoma maandishi kwenye mfuko wa unga. Wiki ya tisa alisimama mbele ya duka la jirani, akasoma ubao mzima, akamchelewesha bibi yake kanisani. Kabibi hakumharakisha.

Shule ilifunga. Jumamosi hiyo Zihindula alifika na begi dogo la kumwekea mtoto nguo. Uso wake haukuwa na furaha. Kabibi alikuwa mlangoni, Darlène kando yake, kamba ya herufi juu ya vichwa vyao. Akamwambia mwanawe atoe karatasi. Zihindula akapapasa mifuko. Alisahau kuleta gazeti. Alikuwa na karatasi moja tu, iliyokunjwa mara nne. Humo Madame Gabriella alikuwa ameandika makubaliano yao kwa Kiswahili. Zihindula alikwisha kuweka dole gumba, na Kabibi naye alitakiwa aweke sahihi.

"Ni vile vile tulizungumza," alisema Zihindula. "Hakuna jambo jipya."

"Mupatie mutoto," alisema Kabibi. Kisha akatia pini mdomoni.

Darlène alikunjua karatasi. Hapakuwa na picha. Alipitisha macho kwenye mstari wa kwanza, akarudia tena, mpaka Zihindula akainamisha kichwa. Kisha mkono wa kulia ukagusa bega la kushoto.

"Bi-n-ti. Binti. A-ta-la-la. Atalala. Ji-ko-ni." Akapitisha kiganja. "Binti atalala jikoni."

Ulikuwa usomaji mbovu kuliko wote Kabibi aliowahi kuusikia. Ulikwama, ukarudi nyuma, ukapumzika kila neno. Masista wa Bukavu wangeshika vichwa. Kabibi aliuma pini zake na hakutamani sauti nyingine yoyote duniani.

"A-ta-a-m-ka. Ataamka saa kumi na moja. Atabeba mtoto ku-twa. Ha-ta-e-nda." Darlène alisita. Alirudi nyuma mara mbili. "Sss. Hapana. Shhh. Shu-le. Hataenda shule."

Zihindula alisogea. Akafunika karatasi yote kwa kiganja, akaacha mstari wa mwisho tu.

"Soma hii."

"Hataenda shule," alisema Darlène, mara hii bila kusita.

Zihindula alikaa kizingitini. Alikitazama kidole chake gumba, bado kina wino.

"Aliniambia mchana atasoma," alisema. "Aliniambia mbele ya watu. Nikaweka kidole."

Kabibi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Yalikuwa yamejaa kifuani wiki kumi na moja. Lakini pini zilikuwa mdomoni, na alizibakiza hapo hapo.

Darlène aliomba kalamu ya bibi yake. Akaigeuza karatasi upande mweupe, akailaza juu ya meza ya cherehani. Aliandika akinong'ona, sauti moja, herufi moja. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama. Akamaliza, akampa baba yake.

"Umeandika nini?" aliuliza Zihindula.

"Usome, papa."

"Mi siwezi, we unajua."

Darlène alikichukua kile kidole cha baba yake chenye wino, akakiweka kwenye herufi ya kwanza. Akasema sss na kumtazama. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne alitazama huku na huku kama kuna mtu anamwona. Kisha akasema sss. Mtoto akasogeza kidole. I. Akasogeza tena. E. Zile zilizofuata walizisema pamoja, polepole. Darlène akampitishia kiganja kuanzia bega mpaka kwenye kifundo.

"Si-e-ndi," alisema Zihindula. "Siendi."

"Njo hivyo, papa," alisema Darlène. "Umupelekee."

Jumatatu Zihindula alikwenda Area 49, akamrudishia Madame Gabriella karatasi yake, upande wa Darlène ukiwa juu.  Mwalimu alimpima tena Darlène, na Septemba akaingia darasa la tatu. Siku hizi akipewa neno ubaoni hatazami chini.

Na Jumapili Zihindula anafika Dzaleka mapema kuliko zamani. Anavua viatu na kuketi kwenye mkeka. Darlène anashusha herufi kutoka kwenye kamba. Kabibi anawatazama wote wawili, anachukua pini zake nne, na kuzitia mdomoni.